Kumfundisha Mpangaji Wangu Kulia

Ukuta unaotenganisha chumba changu na cha mpangaji wangu wa kwanza ni mabati na mbao tu. Marehemu mume wangu aliusimamisha kwa haraka, akasema ataubadilisha uwe wa mawe mambo yakinyooka. Mambo hayakunyooka, yeye akatangulia, na ukuta ukabaki vilevile. Kwa hivyo katika ploti yangu hapa Kitengela najua mambo ya watu bila kuuliza. Namjua anayekoroma, namjua anayepigana na mkewe kwa kunong'ona, na namjua anayeomba kwa sauti ili Mungu na majirani wasikie pamoja.

Kila asubuhi, redio yangu ilipoanza taarifa ya habari ya saa moja, nilisikia ng'ambo ya ukuta vidonge vikigonga mkebe wa plastiki. Mtu mwingine angesikia kelele tu, akadhani ni mtoto anachezea punje za mahindi. Mimi sauti hiyo naijua vizuri. Nina virusi vya Ukimwi tangu mume wangu akiwa hai, na dawa ninazomeza huja katika mkebe uleule. Tofauti ni kwamba wangu nimeujaza pamba ili usilie.

Pamba ni nusu tu ya ujanja wangu. Nusu ya pili ni Kajiado. Hapa Kitengela kuna kituo cha afya ambacho naweza kukifikia na slipa za nyumbani, lakini dawa zangu huzichukulia Kajiado mjini, kwa nauli, kupita Kisaju na Isinya, kwa sababu huko hakuna mama wa kanisa letu anayeweza kuniona nimeketi kwenye lile benchi la mwisho, la wenye virusi. Ukutani kwa kliniki ya Kajiado wamebandika karatasi yenye ile methali ya mficha maradhi na kifo kumuumbua. Mimi huisoma kila ninapoenda na kusema moyoni kwamba mimi bado kifo hakijaniumbua, ila nauli inajaribu.

Mpangaji mwenyewe alikuwa mama kijana kutoka Kivu, huko Kongo. Yeye na mumewe walikuwa wamekaa miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi kaskazini kabla ya kuteremka huku kutafuta kazi. Mume alipata kibarua kwenye mashamba ya maua ya Isinya, akawa anakuja nyumbani Jumapili. Mke alisuka nywele karibu na stendi. Watu wa ploti walimcheka kwa Kiswahili chake, maana alisema "batu" pale sisi tunaposema watu. Nilicheka nao, mimi ambaye mwalimu wangu wa shule ya msingi alisema Kiswahili changu kinanuka Kikuyu.

Sikumwambia kwamba nasikia mkebe wake. Kila mtu na lake. Ila nilizoea tukimeza pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, na kwa kweli nilipenda kuwa na mwenzangu ambaye hajui kwamba ni mwenzangu.

Kisha asubuhi moja mkebe haukulia. Kesho yake ukalia. Keshokutwa kimya tena. Na ulipolia, mlio ulikuwa mwepesi, wa vidonge vichache vinavyozunguka peke yao. Nikazima redio nisikie vizuri, nikajua huyu mtu anaruka siku.

Nilimvumilia kwa muda mfupi sana, maana sikuumbwa na subira. Nikaenda kumgongea kwa kisingizio cha maji ya bomba. Alipofungua, mkono mmoja alikuwa ameuweka kiunoni kama wanavyofanya wenye mimba. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kitenge. Hapo maji ya bomba nikayasahau. Nikaingia, nikafunga mlango, nikatoa mkebe wangu mfukoni mwa aproni, nikang'oa pamba, nikautikisa mbele ya uso wake.

Akaruka. "Mama! Uliingia mu nyumba yangu?"

"Hii ni yangu," nikamwambia. "Yako iko wapi, na kwa nini inanyamaza?"

Aliniangalia, akauangalia mkebe, akaniangalia tena. Kisha akaketi kitandani na kuniambia yote.

Kulikuwa na kliniki ndogo nyuma ya soko, ya wafadhili, ambayo haikumuuliza mtu kitambulisho wala alikotoka. Wakimbizi wengi walichukulia dawa hapo. Siku moja alienda akakuta kufuli. Pesa za wafadhili zilikuwa zimekatwa huko ng'ambo zinakotoka. Wafanyakazi walitawanyika, kompyuta zikabebwa, na mlinzi aliyebaki alijua tu kwamba wagonjwa waende hospitali za serikali. Nyumbani alikuwa amebakiwa na mkebe mmoja. Akaanza kuurefusha kama unavyorefusha supu kwa maji, leo anakunywa, kesho anaacha.

"Unajua hiyo ni hatari?" nikamuuliza.

"Minajua, Mama." Alijua kuliko mimi. Kule kambini walifundishwa, na yeye alishika. Mumewe hana virusi, kwa sababu mke humeza kila siku Mungu anayoumba. Mtoto naye angezaliwa bila virusi kwa sababu hiyohiyo. Hilo ndilo walilokuwa wamelingojea miaka yote hiyo, kupata mtoto mzima, na sasa vidonge vilikuwa vinaisha kabla mimba haijatimia.

Nikafanya jambo ambalo daktari yeyote angenikemea. Nilitandaza gazeti, nikamwaga vidonge vyangu, nikamgawia nusu. Vilikuwa vilevile, hata maandishi yake. Nikamwambia asiruke tena hata siku moja, na kesho yake twende kwenye kituo cha serikali tumalize mambo kistaarabu. Nilikuwa bado naamini mambo haya yana ustaarabu.

Nilimsindikiza mpaka nje ya lango la kituo, hapana zaidi. Mlinzi, mzee wa Kimaasai anayemsalimia kila mtu, akaniita, "Supa, yeyo!" Nikaitikia "Ipa" nikiwa nimeshageuka kwa mama wa ndizi. Nilinunua ndizi polepole sana siku hiyo. Nilichagua, nikarudisha, nikauliza habari za watoto, ili tu nisionekane kama mtu anayemngoja mtu aliye ndani.

Alitoka mikono mitupu. Walimwambia alete barua ya kuhamishwa kutoka alikokuwa anatibiwa. Akawaambia pamefungwa. Wakamwambia basi alete ya mahali pa kabla ya hapo, yaani kambini, mwisho wa nchi, ambako kibali chake cha kutoka kilikuwa kimeisha muda na ambako akirudi huenda asiruhusiwe tena kuondoka. Aliyemwambia hakuwa mtu mbaya. Alijibu kama alivyofundishwa kujibu, na hilo ndilo lililonichoma, maana mtu mbaya unaweza angalau kumtukana.

"Basi uliwaambia una mimba?"

"Banaiona, Mama. Tumbo iko mbele yao."

Tukiwa pale kwa ndizi, muuguzi mmoja mtu mzima akatoka kama anayetafuta upepo. Akasimama karibu nasi, akanunua ndizi moja, akaimenya huku akiangalia barabara. "Mimi sijasema kitu," akasema. "Lakini mtu ambaye hajawahi kupimwa, hiyo barua haulizwi. Anapimwa, anaandikwa, anapewa dawa siku hiyohiyo. Mnanielewa?" Akarudi ndani na ndizi yake.

Tulimwelewa. Mtu aliyejitunza miaka na miaka hana nafasi, na asiyejua lolote anakaribishwa kwa mikono miwili. Basi mpangaji wangu awe asiyejua lolote. Nikamwambia ni kazi rahisi. Vaa nguo nyingine, enda siku nyingine, sema una mimba na hujawahi kupimwa. Wiki hiyohiyo akarudi, na mimi nikarudi kwa ndizi.

Alishindwa. Alitoka akitembea taratibu, ameinamisha kichwa, na nilipomuuliza kulikoni ilibidi tufike nyumbani kwanza ndipo aseme. Mshauri aliyempima alikuwa msichana mpole, mmoja wa wale wanaowaita wajawazito wote "mum". Alimweka chini, akamwonyesha kipimo, akamweleza kwa sauti ya chini maana ya ile mistari miwili. Kisha akanyamaza, akasogeza karatasi za kufutia machozi, akamngoja.

Mpangaji wangu akasema, "Asante." Akanyoosha mkono apewe dawa.

Msichana akamuuliza, "Mum, umesikia nilichokuambia?"

"Nimesikia. Saa moja asubuhi, kila siku, sitaruka."

Na msichana alikuwa hajasema neno hata moja kuhusu saa moja wala asubuhi.

"Mum," akamwambia, "wewe si mpya. Unatibiwa mahali. Siwezi kukuandika mara mbili, watasema naiba dawa. Enda ulete barua."

Mwanzo nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na mabati yakacheka nami. Halafu hasira ikanipanda kutoka miguuni. Mnamfundisha mtu kambini miaka yote, mnamwimbisha saa na siku, anashika kila neno, na siku anapolitoa mnamfukuza kwa sababu amelijua! Kama angekuwa mlevi anayetupa dawa chooni, angekuwa amepewa mkebe na pole juu yake. Ningemtukana nani? Hakukuwa na mtu. Nikaitukana sufuria.

Ndipo nikaanza kumfundisha kulia.

Nilimwita jikoni kwangu kila alipotoka kusuka. Nikamketisha kwenye kigoda, mimi nikawa mshauri. Nikamwambia kwa sauti ya kiofisi, "Mum, majibu yako yametoka." Yeye akanitazama kwa heshima, kama mtu anayesubiri chai. Nikamwambia fikiria umeshtuka. Akafungua macho. Nikamwambia shika kifua. Akashika, lakini kama mtu mwenye kiungulia. Nikampa vitunguu akate. Mimi niliyesimama kando nikatiririkwa na machozi, na yeye akamaliza kuvikata macho makavu, akaniuliza kama niko na kingine.

"Kwani wewe hujui kulia?" nikamfokea.

"Minajua, Mama. Lakini kwa hii jambo haiji."

Nikamuuliza mara ya kwanza alipoambiwa kambini alifanyaje. Akaniambia walipimwa ndani ya hema lenye pazia la turubai, na upande wa pili wa turubai walikuwa wamekaa watu wa kwao, wanasikia. Mtu akilia, wote wanajua. Kwa hiyo akasema asante, akachukua dawa, akatoka akitabasamu. Jioni akatafuta pa kulilia akakosa, maana kambi haina mahali ambapo hapana watu. Kesho yake kulikuwa na foleni ya maji. "Ikapita hivyo," akasema.

Sikumfundisha tena siku hiyo. Nilimpa chai, nikakaa naye. Nilimwonea huruma iliyonifanya nijisikie mgonjwa, na kwa kuwa sijui kukaa na huruma muda mrefu, nikamkasirikia kwa kuniambia.

Wakati huo vidonge vyangu tulivyogawana vilikuwa vimekaribia chini, na tarehe yangu ya Kajiado ilikuwa bado. Zamani Kajiado walikuwa wakinipa dawa za miezi mingi mara moja, ningegawa na kubakiza. Tangu pesa zikatwe walikuwa wakitupimia kama sukari ya duka la rejareja. Nikaenda mapema kujaribu bahati. Kule wana kawaida yao, unarudi na mkebe, wanahesabu vilivyobaki, na hesabu ndiyo inayosema kama wewe ni mwaminifu. Yangu ilisema mimi ni mharibifu.

"Shosho, hizi zingine zimeenda wapi?" akauliza kijana wa dirishani.

Ningemwambia nini? Nikasema zilimwagika kwenye maji. Akanipa chache za kunisukuma mpaka tarehe, na kunipeleka kwenye somo la watu wanaoanza, nikaketi kati ya vijana kusikiliza mambo niliyokuwa nayafanya wakati wao hawajui kujifunga kamba za viatu. Nilinyamaza. Kunyamaza kwangu ni jambo la kuandikwa kwenye gazeti.

Njiani kurudi nilipiga hesabu yangu mwenyewe, na haikuwa ya vidonge. Kituoni mtu mpya huulizwa kama ana msaidizi wa matibabu, yaani mtu mmoja anayejua hali yake na atakayemkumbusha dawa. Msaidizi anaruhusiwa kuingia naye ndani. Kama kungekuwa na mtu mle chumbani wa kuziba pengo pale machozi yanapokosekana, labda tungepita. Mtu huyo angekuwa nani? Mume alikuwa Isinya, na akikosa siku moja kazini hana kazi. Nilizunguka na kuzunguka, kila mahali nikajikuta mimi. Miaka yote ya nauli na pamba, halafu niende kukaa kwenye benchi lilelile nililolikimbia, katika mji wangu, mchana.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nimeshazaa wangu. Aliyekuwa anatakiwa kuzaa ni huyu.

Tulikwenda. "Supa, yeyo," mlinzi akasema, na safari hii nikapita lango. Yule msichana mpole alikuwa amehamishiwa kwa akina mama wa kujifungua kwa sababu wafanyakazi hawatoshi, na badala yake alikuwepo mwanamume wa makamo mwenye sauti ya mchungaji. Nilishukuru, maana huyu hakumjua. Tukaketi kwenye benchi la mwisho. Na kabla hatujaitwa, nani akapita na mjukuu wake wa chanjo? Mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama kanisani. Akanisalimia vizuri sana, kwa sauti kubwa, na macho yake yakaenda juu kwenye kibao cha mlangoni na kurudi kwangu. Nikamwambia Bwana asifiwe. Ningefanya nini kingine?

Ndani, mshauri alipima, akangoja, akatuonyesha. Akaeleza vizuri, simlaumu. Kisha akanyamaza kama walivyonyamaza wote, akamtazama mpangaji wangu usoni.

Mpangaji wangu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya tumbo. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba neno "asante" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akafunga mdomo. Lakini chozi hata moja halikuja. Mshauri akaanza kukunja uso. Akaiangalia karatasi yake, akamwangalia tena. "Mama," akaanza, "wewe ulishawahi..."

Nikalia.

Sikupanga. Nilikuwa nimepanga kusema kitu, kumpigapiga mgongo, kumfunika na leso. Lakini nilipomwona yule mwanamume anaanza kuuliza, nikamwona mpangaji wangu anarudishwa nyumbani mara ya tatu na mimba yake, nikaona ndizi, na kufuli, na macho ya mweka hazina, na ile turubai ambayo sijawahi kuiona, na kitu kikakatika. Nililia kwa Kikuyu. Nililia kama tunavyolia matangani, nikimwita mama yangu aliyekufa zamani. Nje benchi lote likanyamaza. Ilikuwa hasira tupu, lakini hasira ikitoka machoni ni maji kama maji mengine.

Yule mwanamume akamwacha mgonjwa wake. Akazunguka meza, akachuchumaa mbele yangu na karatasi za machozi, akanishika bega. "Mum, tulia. Sikiliza, mum. Huu si mwisho wa maisha. Siku hizi kuna watu wanaishi na hii kitu miaka mingi, na huwezi hata kuwajua. Unaweza kuwa umekaa na mmoja kanisani."

Nilimtazama. Nikatazama upande. Mpangaji wangu alikuwa amejifunika uso wote na kitenge, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

"Umeona?" mshauri akaniambia kwa upole. "Na yeye umemwumiza. Jikaze kwa ajili yake."

Alikuwa anacheka. Namjua, nilikuwa karibu naye, nilimsikia. Alicheka ndani ya kitenge mpaka pumzi ikamkatika, na mshauri akaandika kwamba mgonjwa amepokea majibu kwa majonzi ila ana familia inayomuunga mkono. Tulitoka na mkebe uliojaa.

Ningependa kusema kwamba hapo hasira iliisha. Haikuisha, kwa sababu ya lile neno waliloandika. Mgonjwa mpya. Kwa hesabu ya serikali, yule mama alikuwa ameambukizwa juzijuzi, akiwa tayari na mimba. Wakamwita mumewe apimwe. Akaomba ruhusa, akaja kutoka Isinya na tope la shamba kwenye buti, akapimwa, hana. Basi mshauri mwingine akamgeukia mke na kumuuliza, mume akiwa ameketi palepale, kwamba katika miezi ya karibuni amekutana na nani mwingine. Mume alijua ukweli wote tangu kambini. Aliinama akaangalia buti zake. Hawangeweza kusema ukweli, maana ukweli ungewarudisha kwenye barua. Kwa hivyo mwanamke aliyemlinda mumewe kwa miaka, kidonge kwa kidonge, aliketi pale akaitwa malaya kwa lugha ya heshima, akajibu kwamba hakumbuki.

Aliponisimulia, yeye ndiye aliyenibembeleza mimi. "Acha, Mama. Dawa iko."

Kanisani habari ilifika kabla yangu. Viti viwili vya kando yangu vikawa na hewa nzuri. Mweka hazina akaniuliza hali ya "yule msichana wako" na kusema ananiombea. Mpangaji mmoja akahama, eti amepata chumba karibu na kazi. Nikaona basi yameisha, lililoogopwa limetokea na paa bado liko juu. Hata hivyo bado naenda Kajiado. Nimejaribu kujieleza kwa nini, na sababu pekee ninayoipata ni ukaidi.

Mtoto alizaliwa msichana, na sauti kubwa kuliko ukuta wangu. Kwa kuwa mama yake ni "mpya", walimhesabu mtoto yuko katika hatari zaidi, akanyweshwa dawa nyingi za maji ambazo alizitema kwenye nguo zangu zote. Kipimo chake cha kwanza kiliporudi, mama yake alikuja mlangoni kwangu, akanipa mtoto nimshike. Hana virusi. Nilifurahi kiasi kwamba nilimpigia simu dada yangu kijijini kumwambia kwamba nimefurahi, na nilipoulizwa kwa nini, nikasema mvua imenyesha.

Hawakukaa sana baada ya hapo. Shamba la maua lilipunguza watu, na mume alikuwa wa kwanza kupunguzwa, kama kawaida ya wasio na makaratasi ya maana. Wakasikia Rongai kuna kazi ya ujenzi. Nikamwambia mke asihame kabla ya kuchukua barua, sasa alikuwa na mahali pa kuiomba. Alikwenda kituoni akakuta wafanyakazi wako kwenye mgomo na mlango umefungwa. Akarudi wiki iliyofuata, bado mgomo. Mwenye nyumba wa Rongai hakungoja. Walipakia godoro na mtoto kwenye pikapu ya mtu, na asubuhi iliyofuata taarifa ya habari ilisomwa nikiwa peke yangu.

Alikuwa na dawa za wiki chache. Nilimpigia kila siku ya Mungu kumuuliza amefikia wapi. Aliniambia ameenda kituo cha huko, wamemwomba barua kutoka Kitengela. Nikafoka kwenye simu, nikasema nitakuja, nitapanda gari kesho, niambie tu ni mlango gani. Akasema nisijisumbue, atajaribu mwenyewe.

Alinipigia baada ya siku chache, saa ya mchana, mtoto akisikika nyuma yake. Nikamuuliza kabla hata ya salamu, "Umepata?"

"Nimepata, Mama. Balinipima tena. Nikawaambia sijapimwa hata siku moja."

"Na ukafanyaje?"

"Nililia, Mama," akasema. "Safari hii nililia muzuri sana. Hata balipotaka ninyamaze, sikuweza kunyamaza."